Mwanafunzi wa fiziotherapia, uongozi wako uko wodini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wa mwaka wa pili. Aligombea uongozi wa darasa, akakosa, na anaona mlango umefungwa. "Dada, mimi si mtu wa kelele. Watu kama sisi tuna nafasi kweli?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake halikuniacha, kwa hiyo namjibu hapa, na wengine mlioko vyuoni msome.

Mdogo wangu, hata mimi niligombea nikakosa. Walionisema kwamba sina sauti walinisema nikiwa nawasikia, kwenye korido za bweni, na hadi leo nikikumbuka roho inaniuma. Uongozi wangu niliupata mwaka wa tatu, kwenye wodi ya mifupa ya wanaume, katika hospitali kubwa tuliyopelekwa fildi.

Wagonjwa wengi mle walikuwa vijana wa bodaboda waliovunjika paja. Baadhi walikuwa wamewekewa chuma, wengine mguu unavutwa kwa uzito na hawatoki kitandani kwa wiki kadhaa. Ijumaa mchana mazoezi yalikoma, kwa sababu wataalamu walioajiriwa walikuwa wachache mno. Jumatatu tukirudi tunakuta goti lililoanza kukunjika limekaza tena, mzee wa pembeni kifua kimejaa makohozi, na mwingine ana kidonda cha kulalia kwenye makalio. Anayelala muda mrefu bila kusogezwa anaweza pia kuganda damu kwenye mishipa ya miguu, na damu hiyo ikipanda hadi mapafuni inaweza kuua. Darasani tulifundishwa yote haya na mtihani tuliufaulu. Wodini kila mtu alikuwa anasubiri mwingine aseme.

Nilisema mimi. Niliwaomba wenzangu wachache tupange zamu za Jumamosi na Jumapili, na kabla ya kupanga chochote nilikwenda kwa sista msimamizi wa wodi. Nilimuuliza saa ambayo hatutawavurugia kazi. Akachagua baada ya wagonjwa kuogeshwa, kabla ya ndugu kuingia kuwaona. Tangu siku hiyo zamu zikawa zake pia, na asiyetokea alikuwa anaulizwa na sista mwenyewe! Kisha nikaenda kwa msimamizi wetu wa mafunzo, maana mwanafunzi hatibu peke yake. Alituandikia tunayoruhusiwa: mazoezi ya pumzi, kuchezesha vifundo vya miguu, kukaza misuli ya paja, kugeuza wagonjwa, na kuwakalisha wale walioruhusiwa kukaa. Kumsimamisha mgonjwa kwa mara ya kwanza, hapana, mpaka mtaalamu awepo.

Kazi ngumu ilikuwa kwa ndugu wa wagonjwa. Mama aliyetoka kijijini kumuuguza mwanawe anaogopa kuugusa ule mguu, na ana haki ya kuogopa. Ukimuuliza kama ameelewa, atakujibu "ndiyo mwanangu" kwa heshima tu. Mwambie akuoneshe. Akikosea, fanya naye tena taratibu, bila kumwaibisha mbele ya kitanda cha jirani. Ukiweza kumfanya mama yule ajiamini, usiambiwe na mtu kwamba hujui kuongoza.

Sasa nije kwenye raundi, madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda. Daktari mmoja alituambia mbele ya wagonjwa, "Nyie watu wa masaji subirini nje." Tukatoka. Maneno yale niliyabeba muda mrefu, maana mgonjwa aliyesikia hivyo asubuhi atakuheshimuje jioni? Lakini nilijifunza kuzungumza wodini kwa vipimo. Raundi nyingine nilisimama mguuni mwa kitanda nikasema: "Huyu amewekewa chuma pajani. Ijumaa goti lilikunjika nyuzi 40, leo ni 65. Anakaa ukingoni mwa kitanda bila kizunguzungu. Tunaomba ruhusa aanze magongo bila kukanyagia mguu." Daktari akaangalia filamu ya eksirei, akaandika ruhusa. Hakuomba radhi, lakini raundi zilizofuata alikuwa ananigeukia kuniuliza. Najivunia hilo kuliko cheo chochote.

Kwa hiyo, ukitaka kusikika, pima. Tembea na goniomita yako, kile kipimo cha nyuzi za kukunjika kwa kiungo, na daftari. Andika leo, andika kesho, halafu sema ulichokiona na unachoomba. Upole haukuzuii kusema sentensi nne zilizo sahihi.

Mwaka wa mwisho wenzangu wenyewe walinipa kuongoza Siku ya Fiziotherapia Duniani. Huadhimishwa kila Septemba 8, tarehe ya kuanzishwa kwa shirikisho letu la kimataifa mwaka 1951. Tulikwenda stendi kuwaonesha wapakiaji namna ya kunyanyua mizigo na kuzungumza na madereva juu ya maumivu ya kiuno. Ya barua za vibali na michango siyasimulii, ni kuchoka tu. Ila waliokuja kunisaidia kwa hiari ni walewale wa zamu za wodini.

Wadogo zangu, acheni kuusubiri uongozi upigiwe kura! Wapo waliobeba vyeo miaka yote ya chuo na hawamjui hata ndugu mmoja wa mgonjwa kwa jina. Tafuta jambo moja linaloharibika wodini kwako wakati kila mtu anajua, umuone sista, umuone msimamizi, uanze na wawili watatu wanaokuja kwa wakati. Mwenzako akishindwa zamu, mfuate pembeni umuulize kulikoni, usimtangaze kwenye kundi la WhatsApp. Mkisifiwa, taja majina ya wenzako.

Na daftari la zamu usiondoke nalo. Mkabidhi mtu wa mwaka wa pili, si wa tatu, kwa sababu wa tatu naye yuko mbioni kuondoka. Fanya naye zamu kadhaa, kisha mwache aende kwa sista peke yake.