Zawadi za kununua Nairobi ukiwa na Ijumaa moja tu

Dada, zawadi sita na ndege ni usiku? Muda unatosha. Ijumaa Soko la Wamasai, lile la kazi za mikono, huwa kwenye jengo la maduka la Village Market, Gigiri. Bei ya kwanza isikutishe. Mimi huanza na theluthi, tunakutana njiani. Kiondo cha mkonge, vuta mkanda wa ngozi pale penye mshono, ndipo hukatika kwanza. Kinyago “cha mpingo” kisugue kwa kitambaa chenye maji. Kikiacha weusi, hiyo ni rangi ya viatu (twiga wangu alinichafulia shati jeupe sandukuni). Mapambo ya mawe ya Kisii yafunge ndani ya leso, huvunjika. Ukichoka kupatana, kahawa ya supamaketi inatosha. Pembe za ndovu usiguse hata bangili, ni kesi.