Re: Mama ana miaka 74, anatumia diazepam kila usiku, anayumba asubuhi. Nimwachishe?

Mkuu, mwachishe, ila si kwa mkupuo. Diazepam ni dawa ya usingizi na wasiwasi, na mwili uliouzoea kwa muda mrefu ukinyimwa ghafla unaweza kuleta mtetemeko, kuchanganyikiwa, hata kifafa.

Huko kuyumba, na usahaulifu kama upo, usiuite uzee upesi. Dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa mzee hutoka polepole zaidi, kwa hiyo kidonge cha leo kinakuta cha juzi bado kipo. Ndiyo maana wazee huanguka wakienda chooni usiku na kuvunjika nyonga.

Mpeleke kwa daktari mpange kupunguza. Kwa kidonge cha 5 mg, utaratibu mmoja unaotumika ni kupunguza robo kila wiki mbili: robo tatu ya kidonge, kisha nusu, kisha robo. Nunua kikata vidonge, kisu cha jikoni hutoa vipande visivyolingana. Usingizi ukivurugika, baki kwenye dozi hiyo wiki mbili zaidi. Usirudi juu bila kumuuliza daktari. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu, msiiharakishe.

Beba dawa zake zote siku ya kwenda kwa daktari. Piriton na promethazine (dawa za mzio) nazo hulevya na kuvuruga kumbukumbu, na tramadol (dawa kali ya maumivu) pamoja na diazepam inaweza kudidimiza pumzi. Pombe vilevile. Kama anakunywa dawa ya presha ya kukojoza jioni, uliza kama inaweza kuhamia asubuhi. Pengine mkojo ndio unaomwamsha.

Chai ya rangi mwisho saa nane mchana, isimkoseshe usingizi.