Kwa Mhadhiri Msaidizi Aliyeambiwa Apunguze Wanafunzi wa Fildi

Mwezi uliopita nilipokea barua ya kupandishwa cheo kuwa Mhadhiri Mwandamizi, na habari hiyo ilipoanza kusambaa nikapata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayefundisha saikolojia ya ushauri nasaha akiwa Mhadhiri Msaidizi. Mkuu wake wa idara amemshauri apunguze kusimamia wanafunzi walioko fildi, yaani kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa sababu kazi hiyo haimpandishi mtu cheo, na muda huo autumie kuandika makala za majarida. Anauliza kama atii. Namjibu hadharani kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnataka kilekile nilichokitaka mimi, yaani kufika uprofesa bila kuacha kuonana na wateja.

Ushauri aliopewa una ukweli ndani yake. Kamati za kupandisha vyeo huhesabu machapisho kwanza, na saa ambayo msimamizi anakaa na mwanafunzi wakiyapitia mazungumzo yake na mteja haina nafasi ya maana kwenye fomu zao. Nilipoomba cheo mara ya kwanza, mjumbe mmoja alisema mbele ya wenzake kwamba mimi ni mlezi mzuri wa wanafunzi lakini si mtafiti. Maneno hayo yananikera hadi leo, wala sioni sababu ya kujifanya nimeyasahau, hasa kwa kuwa makala yote yaliyonipandisha baadaye yalizaliwa katika chumba kilekile cha usimamizi alichokidharau.

Nitoe mfano mmoja. Mwanafunzi wangu, binti wa mwaka wa tatu, alipangiwa kumsikiliza mama wa makamo aliyekuwa na mgogoro wa ndoa. Binti akaamkia, kama alivyolelewa, na mama akaitikia marahaba. Kisha yule mama akamuuliza ametokea mkoa gani, anakaa na nani mjini, na kama amekula. Ilipofika zamu ya binti kuuliza, alishindwa kabisa kufungua mdomo juu ya mambo ya chumbani, na mama naye hakuwa tayari kuyasema mbele ya mtoto. Dakika zikaisha wakiwa wamezungumza vizuri sana na bila kugusa kilichomleta mteja. Katika usimamizi binti alilia, akidhani hafai kwa kazi hii.

Vitabu tunavyofundishia havimsaidii binti huyo moja kwa moja. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers, katika makala yake maarufu ya mwaka 1957, alieleza masharti ya uhusiano unaomponya mteja: mnasihi, yaani mtoa ushauri nasaha, awe mkweli wa nafsi, amkubali mteja bila masharti, na ayaelewe maisha yake kwa jinsi mteja mwenyewe anavyoyaona. Hakulazimika kufikiria nani atamwamkia nani. Aliyenisaidia zaidi ni mwanasaikolojia mwingine wa huko, Edward Bordin, ambaye mwaka 1979 aliugawa ushirikiano kati ya mnasihi na mteja katika sehemu tatu, yaani kukubaliana juu ya malengo, kukubaliana juu ya kazi ya kufanywa, na ukaribu kati yao. Kwa binti yule ukaribu ulikuja upesi mno, kwa mlango wa umri na heshima, lakini makubaliano juu ya kazi hayakuwapo. Mama hakutarajia kuongozwa na mtoto. Nilipoanza kuwauliza wanafunzi wengine nikakuta na sura ya pili ya jambo hilohilo: mwalimu wa sekondari aliyerudi chuoni akiwa mtu mzima, ambaye vijana walimkubalia kila alichosema, wakashukuru kwa adabu, na hawakurudi tena.

Hapo ndipo nilipopata swali la utafiti ambalo nisingelipata maktabani. Miaka ya kusubiri wahakiki nairuka, kwa kuwa kila aliyewahi kutuma makala anaifahamu. La muhimu ni kwamba swali hilohilo lilibadilisha na ufundishaji wangu: siku hizi mazoezi ya kuigiza darasani yanaanzia kwenye maamkizi, na mwanafunzi anajifunza namna ya kuitunza heshima huku akieleza wazi kwamba katika chumba hiki atauliza maswali ambayo mtoto hawaulizi wakubwa. Janine Bernard, mtaalamu wa usimamizi wa wanasihi, naye katika mwaka huo wa 1979, alisema msimamizi huvaa kofia tatu, ya mwalimu, ya mnasihi na ya mshauri wa kitaalamu. Mimi naongeza ya mtafiti, na sioni haya kuiongeza.

Tusisahau, ndugu zangu, fani hii ilivyoingia katika maisha ya watu nchini kwetu Tanzania. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na vikundi kama WAMATA, kikundi cha kuwasaidia walioathiriwa na UKIMWI kilichoanzishwa mwaka 1989, vilijengwa na watu waliojifunza kunasihi kwa kukaa na wagonjwa na familia zao. Mhadhiri anayejitenga na wateja ili apate muda wa kuandika juu ya wateja ataishia kunakili maswali ya watu wa Illinois, Marekani, na kuyapeleka Iringa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiache kusimamia. Simamia, andika unachokiona, kisha andika tena. Weka daftari la usimamizi lisilo na majina wala vituo, na kila mwisho wa muhula lisome ukitafuta jambo linalojirudia. Ukiamua kulifanya utafiti, omba idhini ya kamati ya maadili kabla ya kukusanya chochote, na uombe ridhaa ya mteja upya, maana aliyekubali kuhudumiwa na mwanafunzi hajakubali kuwa data. Wakataze wanafunzi kurekodi wateja kwa simu zao na kukutumia sauti hizo kwa WhatsApp. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si suala la adabu ya kazi peke yake.

Kuhusu mkuu wako wa idara, usibishane naye kwa mdomo. Mwandikie barua ukiomba idadi ya wanafunzi unaowasimamia iwekewe kikomo, na saa zake ziingizwe katika mgawanyo wa kazi wa idara kama zinavyoingizwa saa za mihadhara. Mimi nilikataliwa nilipoiandika, lakini nakala nilibaki nayo, na wakati wa maombi ya pili niliiambatisha pamoja na makala, nikionyesha kila moja imetokana na kundi gani la wanafunzi.