Michezo ya hesabu kwa darasa la kwanza lililojaa

Waingize watoto mia moja darasani, waambie wahesabu hadi hamsini, watakuimbia mpaka bati litikisike. Mwalimu mkuu akipita dirishani ataridhika. Sasa mwite mmoja wa dawati la katikati, yule mchangamfu wa mbele mwache, umwekee rundo la vizibo vya soda na kumwambia, "Nipe saba." Hapo ndipo utakapojua kama umekuwa ukifundisha hesabu au kwaya.

Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, sisi wa madarasa ya chini tunajua maana ya darasa kujaa. Michezo mingi ya hesabu inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu imebuniwa kwa ajili ya watoto ishirini wanaokaa kwenye zulia: mmoja anarusha dadu, kumi na tisa wanatazama. Ulete mchezo huo huku, mmoja atarusha dadu na tisini na tisa watapigana. Kwa hiyo mimi nina kipimo kimoja tu. Ndani ya dakika thelathini za kipindi, kila mtoto awe na kitu mkononi na swali la kujibu. Mchezo wenye foleni siutaki, hata uwe mtamu namna gani.

Tuanze na vizibo, kwa sababu ukiwa na vizibo tu unaweza kufundisha nusu muhula. Kila watoto wawili wapewe vizibo kumi ndani ya kifuko cha kitambaa. Fundi cherehani yeyote wa mtaani ana vipande anavyotupa. Vizibo vya soda utavipata kwenye baa na migahawa, ila vioshe kwa sabuni na utupe vyote vyenye kutu au vilivyokunjuka ukingo, vinakata vidole. Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji ni salama zaidi. Maharage na mahindi sikushauri, kuna wanaoyaingiza puani. Karanga ndiyo usijaribu kabisa, hazifiki kipindi cha pili.

Mchezo wa kwanza unaitwa "Nimeficha ngapi?" Watoto wawili wanatazamana, vizibo kumi viko katikati. Mmoja anafumba macho, mwenzake anafunika baadhi kwa kiganja. Aliyefumba anafumbua, anahesabu vinavyoonekana na kutaja vilivyofichwa. Wanainua kiganja, wanahakiki, wanabadilishana. Basi. Ndani ya robo saa kila mtoto ameshakutana na tatu na saba, nne na sita, tano na tano, mara nyingi kuliko ambavyo ungeweza kumwandikia ubaoni.

Ukizunguka kati ya madawati, angalia vidole. Yupo mtoto atakayeona vizibo sita, akae kimya, kisha aanze kukunja vidole vyake vilivyobaki mpaka kumi: huyo anafikiri, usimharakishe. Yupo anayebahatisha, "Mbili! Nane! Tano!" Huyo mpunguzie vizibo viwe vitano. Na mwangalie sana yule anayehesabu vizuri kabisa, moja mpaka saba, kidole juu ya kila kizibo, lakini ukimuuliza "Vingapi?" anaanza upya kutoka moja. Ukimuuliza tena, anaanza tena. Mtoto huyo hajajua kwamba neno la mwisho alilotaja ndilo idadi ya vitu vyote. Kabla hajalijua hilo, kujumlisha kwake kutakuwa kukariri. Ninachofanya ni kumwomba ahesabu, kisha nafunika vyote kwa daftari na kuuliza, "Vingapi viko chini ya daftari?" Kwa kuwa hawezi kuvigusa tena, analazimika kuishika ile saba kichwani.

Na siku moja, bila wewe kupanga, kuna mtundu atakayeweka kiganja chake mezani bila kufunika hata kimoja. Mwenzake atahesabu kumi, atakodoa macho, atafungua kile kiganja na kukuta hakuna kitu. Kicheko kitasambaa darasa zima na wote watataka kufanya hivyohivyo. Waache. Somo la sifuri limeingia lenyewe, na mara nyingi linaeleweka kuliko lile la kwenye kitabu.

Mchezo wa pili wa vizibo ni wa kurusha. Mtoto anatikisa vizibo kumi kwa viganja viwili na kuvimwaga: vingapi vimelala chali, vingapi kifudifudi? "Nne chali, sita kifudifudi." Hapa ndipo daftari linapoingia. Wazazi wetu wakipokea mtoto jioni wanafungua daftari kutafuta vema, na kama ukurasa ni mweupe, kesho yake mama yuko mlangoni: "Mwalimu, shikamoo, mwanangu anasema mmecheza tu." Sina ugomvi naye, anataka kuona kazi. Kwa hiyo baada ya kila mmwago watoto wanachora duara nne tupu na sita zilizopakwa, wanaandika 4 + 6 = 10 chini yake. Michoro mitano inatosha kujaza ukurasa, vema zinapatikana, na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija naye anapata cha kutazama.

Zana ninayoipenda kuliko zote ni trei ya mayai. Trei ya kawaida ya mayai thelathini ina safu sita zenye matundu matano matano. Ikate kila baada ya safu mbili, utapata vipande vitatu, kila kimoja na matundu kumi: tano juu, tano chini. Mtoto akiweka vizibo saba, anajaza tano za juu na mbili za chini, na anaanza kuona saba kwa jicho, bila kuhesabu tena moja moja. Anaona pia matundu matatu yaliyobaki wazi. Sasa mpe 8 + 5 na vipande viwili vya trei. Ataweka nane huku, tano kule, kisha mwambie ajaze kwanza trei ya nane. Anahamisha mbili, trei imejaa, kule zimebaki tatu. Kumi na tatu. Ukilifanya hilo jambo ubaoni kwa maneno utaongea mpaka koo likauke. Kwa trei, ni mkono tu umehama.

Vipande vya trei vinasaidia pia pale watoto wengi wanapojikwaa, kutoka kumi na tisa kwenda ishirini. Trei moja imejaa, ya pili ina tisa, ongeza kimoja: trei mbili zimejaa. Waambie wasimame wanne pamoja na trei zao nne, wataje arobaini. Na mtoto aliyehamia kutoka Magu au Misungwi akihesabu kimoyomoyo kwa Kisukuma, mwache, mradi kizibo na neno vinakwenda pamoja.

Kuhusu dadu: za dukani zinapotea na zina kelele. Tafuta kandambili kuukuu, gandisha vipande viwili vya soli kwa gundi ili vipate unene, kata kwa kisu vipande vya mraba pande zote, weka nukta kwa peni. Dadu za kandambili hazitoi sauti. Jozi hamsini zinarusha kwa wakati mmoja na mwalimu wa darasa la pili, ukuta wa pili, hajui kinachoendelea.

Sasa tutoke nje. Shule nyingi za Mwanza zina mawe makubwa uwanjani, na watu huyaona kama kero. Jiwe bapa ni ubao wa bure. Chora kwa chaki mstari wa namba, 0 hadi 20, na uanze na 0 kweli, usianze na 1. Upande wa ishirini tunauita ziwani, upande wa sifuri mlimani. Mtoto anasimama kwenye 10, dadu ikisema tatu na mwenzake akasema "ziwani", anaruka mara tatu kwenda 13. Akisema "mlimani", anarudi 7. Kujumlisha na kutoa vinakuwa safari ya kwenda na kurudi kwenye njia ileile.

Kuna kosa moja utaliona kwa karibu kila darasa. Mtoto yuko kwenye 4, ameambiwa aongeze 3, naye anakanyaga palepale alipo na kusema "moja", kisha anaruka mbili tu, anatua 6. Anahesabu vituo badala ya miruko. Kumkemea hakusaidii. Mwambie aruke kwanza ndipo aseme, na wenzake wapige kofi moja kila miguu yake inapotua, wasipige hata mara moja kabla haijatua. Kwa kuwa akiwa amesimama hakuna kofi, palepale alipo hapahesabiwi.

Jiwe likiwa moja na watoto mia, foleni inarudi. Kwa hiyo jiwe natumia kuonyesha tu, halafu kila jozi inachora mstari wake sakafuni au kwenye udongo kwa kijiti, na kizibo ndicho kinachoruka. Wakati wa masika chaki inafutika kila siku, na kuichora upya ni kazi ya watoto wenyewe. Anayeweza kupanga namba 0 hadi 20 kwa mpangilio, akiziachia nafasi sawa, amefanya hesabu kabla mchezo haujaanza.

Mdako wanaujua tayari kutoka nyumbani, hasa wasichana, na ni hasara kuuacha mtaani. Shimo dogo, kokoto kumi na mbili. Unarusha kokoto moja juu, unakomba zilizomo shimoni, unadaka. Unarusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja. Raundi inayofuata unabakiza mbili mbili, kisha tatu tatu. Nasisitiza kumi na mbili kwa sababu inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita bila kubaki kitu. Wakifika tano tano zinabaki mbili, na ubishi unaanza: nani kaiba kokoto? Wape nafasi wabishane, wahesabu upya, wapange mafungu chini. Wavulana wanaojidai kwamba mdako ni wa wasichana nao wakae chini wacheze. Hakuna anayebaki kutazama. Wanne kwa shimo moja ndio mwisho, na anayesubiri zamu ndiye mhakiki anayetaja zimebaki ngapi shimoni.

Mchezo wa duka kila mwalimu anaufanya, lakini wengi wanaufanya kwa bei za uongo, "nyanya shilingi tatu", ambazo mtoto wa Mwanza hajawahi kuzisikia. Yeye anajua ubuyu wa mia na barafu za mia mbili. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wachuuzi wa sokoni mjini Recife, Brazil. Watoto hao walipoulizwa bei na chenji kwenye biashara zao walipata kama asilimia 98 ya maswali. Hesabu hizohizo zilipoandikwa kwenye karatasi zikiwa namba tupu, walipata kama asilimia 37. Ukienda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba asubuhi ya Jumamosi utawaona wa kwetu, mtoto amesimama karibu na dagaa wa mama yake na chenji haimpigi chenga.

Kwa hiyo mia iwe kama kitu kimoja. Mia mbili ukiongeza mia tatu ni mia tano. Mtoto anajumlisha mbili na tatu, na bei ni ya kweli. Chora sarafu kwenye vizibo, za 100 na 200, kisha uliza: fungu ni mia tano, utalipaje? Zipo njia tatu tu: sarafu tano za mia, au moja ya mia mbili na tatu za mia, au mbili za mia mbili na moja ya mia. Wakipata moja waulize kama kuna nyingine, na wakipata zote tatu waulize wanajuaje kwamba hakuna ya nne. Swali hilo la mwisho litawanyamazisha, lakini liulize.

Mafungu nayo wapange ya kokoto tano tano, kama wauza nyanya. Na hakuna mnunuzi wa Mwanza asiyedai nyongeza. "Mama, niongeze!" Tano na nyongeza moja, sita. Mafungu mawili na nyongeza mbili, kumi na mbili. Muuzaji mchoyo asiyeongeza anakimbiwa na wateja, hilo hawahitaji kufundishwa.

Mashindano ya kusimamisha watoto wawili ubaoni, nani wa kwanza kupata jibu, mimi nimeyaacha. Washindi ni walewale wanne kila wiki na wengine wanajifunza kuinamisha vichwa. Bao la wakubwa pia, lenye mashimo 32 na kete 64, liache mpaka wakue kidogo, ingawa kusambaza kete moja moja kwenye matundu ya trei ni zoezi zuri kwa aliye nyuma.

Kutuliza darasa, piga makofi mawili, wao wakamilishe yafike matano. Wasipokubaliana ni matatu au manne, rudia.

Trei utazipata kwa wauza chipsi. Nenda mapema jioni, kwa sababu wengi huzitumia kuwashia mkaa, na umweleze ni za shule. Kwangu hakuna aliyewahi kukataa. Chukua zilizo kavu na safi tu. Yenye ute wa yai iache hukohuko, mayai mabichi yana vijidudu vya kuharisha. Zilizobaki zianike juani siku nzima kabla ya kukata, andika namba ya kundi nyuma ya kila kipande, na mwisho wa kipindi viongozi wa makundi wahesabu vipande na vizibo mbele yako kabla ya kengele. Kumi kwa kila kifuko. Kikipungua kimoja, kundi zima linatafuta chini ya madawati.