Gesi ya mtungi na gesi asilia: ya kujua kabla hujagusa jiko

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay inayofika kwa bomba kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, karibu yote ni methani. Zote zina moto wa buluu, na hapo ndipo fundi mgeni anapoponzeka.

Anza na uzito. Methani ni nyepesi, kama 0.55 ya uzito wa hewa; ikivuja hupanda darini. Propani ni mara 1.5 ya hewa na butani mara 2, kwa hiyo hutambaa sakafuni, zikajikusanya kwenye shimo la maji machafu au ndani ya kabati la sinki. Dirisha la juu pekee halitoshi penye mtungi. Toboa tundu la hewa usawa wa sakafu, litokee nje.

Propani huanza kushika moto ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya chumba. Methani hadi ifike 5. Lita moja ya propani ya kimiminika, kama ilivyo ndani ya mtungi, ikivuja hutoa takriban lita 270 za gesi. Piga hesabu: inatosha kulifanya jiko la nyumbani la mita za ujazo 12 kuwa bomu. Halafu kuna watu bado wanatafuta mvujo kwa kiberiti! Tumia povu la sabuni, kila kiungo, valvu ikiwa wazi na bana zote (vichwa vya jiko vinavyotoa moto) zimefungwa.

Sasa jeti, kile kipande chenye tundu dogo linalopitisha gesi kwenda kwenye bana, sehemu inayoharibiwa zaidi. Mita moja ya ujazo ya propani ina kama megajuli 93. Ya methani, kama 38. Ndiyo maana jeti ya gesi asilia ina tundu kubwa zaidi. Ukiiacha jiko likahamia kwenye mtungi, moto unakuwa mrefu na wa njano, sufuria zinashika masizi, na monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, inajaa chumbani. Kinyume chake, jeti ya mtungi ikitumika kwa gesi asilia, moto unakuwa mnyonge. Usichonge jeti kwa sindano wala kuitoboa kwa drili. Nunua seti ya jiko hilohilo. Namba iliyogongwa juu yake mara nyingi ni kipenyo: 72 ni milimita 0.72. Badilisha na regyuleta pia, yaani kifaa kinachodhibiti presha ya gesi, kisha rekebisha skrubu ya moto mdogo, maana wengi huisahau na jiko huzimika likipunguzwa.

Ncha za njano zina maana hewa haitoshi. Moto ukiruka juu ya bana, hewa au presha imezidi.

Mtungi ukiota barafu mgahawani, matumizi yameshinda kasi ya kimiminika kugeuka gesi. Usiumwagie maji ya moto, wala usiulaze, kimiminika kitaingia kwenye regyuleta. Unganisha mitungi miwili itoe gesi kwa pamoja.