Paka, chafya na chumba cha kulala

SWALI: Nina mzio wa paka: chafya, macho kuwasha. Watoto wamemng'ang'ania. Nimemnyoa manyoya, bado naumwa. Nifanyeje? – Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Pole sana, mama. Kunyoa hakusaidii kwa sababu kinachokudhuru ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi yake. Akijilamba, hukauka kisha hupeperuka na vumbi jepesi.

Anza na chumba cha kulala. Paka asiingie kabisa, hata mchana, mlango ufungwe. Shuka na foronya fua kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Ufagio mkavu hurusha vumbi lote puani, kwa hiyo piga deki na ufute makochi kwa kitambaa chenye unyevu. Zulia liondoe, sakafu tupu ni bora zaidi. Usikate tamaa mapema: protini hiyo hukaa kwenye godoro kwa miezi.

Kumwogesha hupunguza kwa siku chache tu. Kama ni dume, kumhasi husaidia kiasi.

Ila kifua kikibana au kutoa mlio kama filimbi, hiyo huenda ni pumu. Usihangaike na vidonge vya duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na paka akae kwa jirani kwanza.