Chasisi imeliwa na kutu: kuchomelea au kubadilisha?

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yanahusu kutu kwenye magari ya njia mbovu, yale yenye chasisi ya ngazi: mihimili miwili mirefu iliyounganishwa na vyuma vya kukingama. Nimeyapanga yanavyofuatana.

Fundi, nina Land Rover Defender. Nilipogonga kwa nyundo karibu na bampa ya nyuma, chuma kikatoboka. Fundi mmoja anasema tubandike bamba, mwingine anasema chasisi yote itupwe. Nimsikilize yupi?

Kwa sasa usimsikilize yeyote, maana wote wawili wameamua kwa kuangalia tundu moja. Kile chuma cha kukingama cha nyuma kwenye Defender kinajulikana kwa kuoza mapema, na kinauzwa peke yake kikiwa tayari kuunganishwa. Tundu la pale halijaua gari. Kinachoamua ni hali ya mihimili kuanzia hapo kwenda mbele.

Mihimili hiyo ni ya bomba la pembe nne, na hiyo ndiyo hatari yake. Tope huingia kwenye matundu, linakaa ndani na kushika unyevu miezi na miezi, kwa hiyo chuma huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikionekana nzima. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Osha chasisi, iache ikauke, kisha pita na nyundo ndogo hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia na nyundo inadunda. Kilichooza hutoa sauti butu, na utasikia magamba ya kutu yakimwagika ndani. Hapo chukua bisibisi ya zamani uchokonoe bila huruma, kisha uzungushie chaki. Usiruke sehemu ya juu ya mhimili pale unapopita juu ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa haionekani ukilala chini ya gari, na watu wengi huiruka. Kagua pia zinapokaa springi, mikono inayoshika ekseli, vishikio vya bodi vya pembeni na kitako cha boksi la stelingi.

Ukimaliza, angalia chaki zimekaa wapi. Zikiwa kwenye chuma cha nyuma na vishikio vya bodi, chomelea. Zikiwa kwenye mihimili yenyewe, tena katika sehemu kadhaa zinazobeba springi au stelingi, mimi ningebadilisha. Uingereza, kwenye ukaguzi wa kila mwaka, kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapofungwa stelingi, breki, springi au mkanda wa kiti hupimwa kwa ukali zaidi kuliko kutu ya sehemu nyingine. Ni kipimo kizuri hata kwa asiyeishi huko: anza kuogopa pale ambapo chuma kikikatika, gari litakushinda barabarani.

Je, bamba likichomelewa juu ya kutu halitoshi kwa muda?

Halitoshi. Kazi ya namna hiyo inanisikitisha sana kila ninapoikuta, maana mwenye gari hulipa akiamini yuko salama. Chuma kilicholiwa hakishiki: moto wa kuchomelea unakitoboa, na pale panapoonekana pameshika, bamba limeng'ang'ania ganda tu. Kisha maji hunasa kati ya bamba na chuma cha zamani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, kwa hiyo hulisukuma bamba hadi kiungo kipasuke.

Kazi halali huanza kwa grenda. Unakata hadi ufike kwenye chuma king'aacho, hata kama tundu la ukubwa wa kidole litageuka kuwa la kiganja. Bamba jipya liwe na unene sawa na wa chuma cha asili, au liuzidi kidogo tu. Ukiweka bamba nene mno, mzigo hukusanyika ukingoni mwake na mhimili utapasuka hapo hapo. Miisho ya bamba ikatwe mshazari; kiungo kilichosimama wima kukata mhimili mzima ndicho hufunguka kwanza. Chomelea vipande vifupi kwa kupokezana pande, joto lisipinde chasisi, na kabla ya kukata chochote pima mishazari miwili ya chasisi, yaani kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, uandike vipimo. Betri itolewe, waya za alteneta na kompyuta ya injini zichomolewe, tangi la mafuta lishushwe na paipu zake ziondolewe. Fundi anayetaka kuchomelea tangi likiwa mahali pake, mwondoe kwenye gari lako.

Kipi nafuu?

Kuchomelea kunaonekana nafuu siku ya kwanza. Shida ni kwamba unalipia saa za fundi, na kila sehemu inayofunguliwa huonyesha nyingine. Chasisi mpya bei yake inajulikana, lakini inakuja na watoto wake: bolti zinazokatika, paipu za breki zisizofaa kurudishwa, bushi, vishikio vya bodi. Weka hivyo vyote kwenye hesabu. Ikiwa uchomeleaji utalazimu bodi inyanyuliwe, gharama kubwa ya kubadilisha umeshaiingia tayari, na kurudisha bodi juu ya chasisi iliyojaa viraka ni kupoteza nguvu.

Nimepata chasisi iliyotumika kutoka gari lililokufa. Niichukue?

Ipige nyundo kwanza kama nilivyoeleza, usije ukanunua ugonjwa uleule. Pima mishazari na utafute mikunjo upande wa mbele, dalili ya ajali. Hakikisha urefu kati ya ekseli na vishikio vya injini vinalingana na gari lako. Halafu kuna namba ya chasisi, ambayo ndiyo kitambulisho cha gari kwenye usajili. Ulizia mamlaka ya usajili kabla ya kulipa. Usikubali kabisa namba ikatwe na kuhamishiwa chasisi nyingine kimyakimya.

Pajero yangu ni ya 2002. Naweza kubadilisha chasisi?

Hapana. Pajero ya kizazi cha tatu, iliyotoka 1999, fremu yake imeungana na bodi. Jeep Cherokee XJ na Lada Niva nazo hazina chasisi ya kufunguliwa. Kwa magari haya ni kuchomelea, au kutafuta bodi nzima.

Chasisi iliyozamishwa kwenye zinki ina faida kweli?

Ndiyo, na kama unabadilisha, ningekushauri ujikaze ununue hiyo. Chuma huzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, kwenye nyuzi joto kama 450 za Selsiasi, ikaingia hadi ndani ya mihimili ambako brashi haifiki. Hata ikichubuka, zinki iliyo jirani huliwa kwanza na chuma hubaki. Safisha nyuzi za matundu ya bolti kabla ya kufunga, na hakikisha waya za athi, zile zinazorudisha umeme kwenye chasisi, zinagusa chuma safi. Ukihitaji kuchomelea kitu juu yake, saga zinki yote ya hapo na ufanye kazi penye hewa: moshi wake huleta homa.

Gari langu si la zamani. Nina kutu ya juu juu tu. Nipake lami?

Usipake juu ya kutu, utafungia maji ndani. Wala umri wa gari usikudanganye: Marekani, mwaka 2016, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa kuzikagua na kubadilisha zilizooza, na hayo hayakuwa magari ya kizamani. Osha, zibua matundu ya kutolea maji, sugua kwa brashi ya waya, paka dawa ya kugeuza kutu, kisha rangi. Ndani ya mihimili puliza nta ya maji maji kwa mpira mrefu hadi uione ikidondoka kwenye matundu ya chini. Rudia nta hiyo kila mwaka, na ukipita kwenye maji ya chumvi, osha chasisi siku hiyo hiyo.